Barakoa chafu jikoni ni hatari kwa mlaji na kwa mpishi

KWA muda wa takriban miaka miwili, tangu Aprili 2020 hadi Machi 2022, barakoa ilikuwa vazi la lazima kwa kila Mkenya aliyetoka nyumbani kwenda mahali pa umma. Aliyekiuka kanuni hiyo alikabiliwa na faini isiyozidi Sh20,000, kifungo cha hadi miezi sita gerezani au adhabu zote mbili.

Amri hiyo iliondolewa, na mnamo Mei 5, 2023, Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza kwamba Covid-19 haikuwa tena dharura ya afya ya kimataifa. Barakoa nyingi zikatupwa, nyingine zikabaki zikining'inia misumarini.

Hata hivyo, kuna kundi moja la wafanyakazi ambao barakoa ilikuwa na maana kwao kabla ya janga hilo, na ingali na maana baada yake. Hao ni watu wanaopika, kukata, kupakia na kuuza chakula.

Katika eneo la Matungu, Kaunti ya Kakamega, kundi hili si dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 166,940 katika kaunti hiyo ndogo, ambayo eneobunge lake lina wadi za Koyonzo, Kholera, Khalaba, Mayoni na Namamali. Wengi wao wameishi kwa kilimo cha miwa, zao ambalo kwa miaka mingi lilitegemea kiwanda cha sukari cha Mumias kilicho jirani. Kiwanda hicho kilianza kusaga miwa mnamo 1973, na Septemba 2019 kikawekwa chini ya mrasimu.

Kiwanda kinapoyumba, biashara ya chakula ni miongoni mwa chache ambazo mtu anaweza kuzianza kwa mtaji wa sufuria, jiko na mfuko wa unga. Kwa hivyo, anapotajwa mfanyakazi wa sekta ya chakula katika eneo kama hili, msomaji asimfikirie tu mtu aliyevaa koti jeupe ndani ya kiwanda. Ni mpishi wa hoteli ya sokoni, mkaanga mandazi na chapati, mwenye bucha, mhudumu wa mtambo wa kusaga unga, mpikaji wa sukari guru, mpishi wa shule, na hata akina mama wanaosimamia masufuria makubwa katika matanga na harusi.

Swali muhimu kwao wote si iwapo wavae barakoa au la. Swali ni iwapo barakoa wanayovaa ni safi, na iwapo wanajua inazuia nini na haizuii nini.

Pua na mdomo kama chanzo cha viini

Hoja ya kufunika pua na mdomo ili kulinda kitu kilicho mbele ya mtu ilianza katika vyumba vya upasuaji. Mnamo 1897, mtaalamu wa viini Carl Flügge alionyesha kwamba mtu anapozungumza hurusha vitone vidogo vya mate vilivyobeba bakteria. Mwaka huohuo, daktari wa upasuaji Johann Mikulicz, aliyefanya kazi katika mji huohuo wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, alianza kuwapasua wagonjwa akiwa amejifunga kitambaa cha shashi usoni.

Kanuni iliyowaongoza ndiyo inayofaa jikoni. Mpishi anayezungumza, kucheka, kukohoa au kupiga chafya juu ya sinia la chapati hurusha vitone hivyo juu ya chakula ambacho hakitarudishwa tena motoni.

Kiini kinachohusika zaidi hapa ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Takriban watu watatu kati ya kila kumi humbeba puani bila kuugua na bila kujua. Bakteria huyu pia huishi kwenye ngozi, na hujazana katika majipu na vidonda vyenye usaha.

Akiangukia chakula kilichopikwa kisha kikaachwa mahali penye joto la kawaida, huzaana na kutoa sumu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sumu hiyo haiharibiwi na moto wa kawaida wa jikoni. Kupasha upya nyama au maharagwe yaliyolala huwaua bakteria wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki.

Mlaji huanza kuugua baada ya muda mfupi, kati ya nusu saa na saa nane. Hupata kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara. Kwa mtu mzima mwenye afya, hali hiyo kwa kawaida hupita baada ya siku moja. Kwa mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, kupoteza maji mwilini kunaweza kumpeleka hospitalini.

Mzigo wa magonjwa ya chakula kwa jumla ni mkubwa. Makadirio ya WHO yaliyotolewa Desemba 2015 yalionyesha kwamba watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufa. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa 125,000 kati ya hao wanaofariki, na Afrika ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi.

Kinga inapogeuka kuwa hatari

Barakoa safi, iliyofunika pua, mdomo na kidevu, hupunguza vitone vinavyofika kwenye chakula. Lakini barakoa ni kama chujio. Kila kinachozuiwa hubaki ndani yake.

Baada ya saa chache karibu na jiko la kuni au karai la mafuta, kitambaa hicho huwa kimelowa kwa pumzi na jasho. Upande wa ndani huwa na mate na kamasi, na upande wa nje huwa na moshi, mafuta na vumbi. Unyevu na joto huwapa bakteria mazingira mazuri ya kuishi.

Hatari hasa huja kupitia mkono. Mvaaji anayehisi joto huivuta barakoa hadi kidevuni, kisha huirudisha mteja anapoingia. Huishika kwa mbele kuirekebisha, hujikuna pua chini yake, kisha hurudi kukanda unga. Kila mara afanyapo hivyo, mkono huchukua kilichokuwa kwenye kitambaa na kukipeleka kwenye chakula.

Kwa sababu hiyo, barakoa iliyovaliwa siku tatu mfululizo bila kufuliwa inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kabisa. Humpa mpishi na mteja imani kwamba kuna kinga, ilhali inaongeza idadi ya mara ambazo mkono unagusa uso.

Kosa hilohilo hutendeka kwa glavu. Katika mwongozo wao kwa biashara za chakula uliotolewa Aprili 7, 2020, WHO pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, yalionya kwamba glavu haziwezi kuchukua nafasi ya kunawa mikono. Anayepokea noti akiwa na glavu, kisha akashika chapati kwa glavu hizohizo, hana tofauti na aliyetumia mkono mtupu. Mashirika hayo pia yalieleza kwamba virusi vya Covid-19 huenea kati ya watu kwa njia ya pumzi, na kwamba uwezekano wa kuambukizwa kupitia chakula ni mdogo sana.

Vilevile, barakoa haizuii magonjwa yanayoogopwa zaidi katika biashara ya chakula. Kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini ya aina ya A hutoka kwenye kinyesi na kufika mdomoni kupitia maji au mikono isiyonawiwa. Mpishi aliyetoka msalani bila kunawa ni hatari hata akivaa barakoa tatu kwa pamoja.

Namna ya kuivaa na kuitunza

Maagizo ya WHO kuhusu barakoa za kitambaa, yaliyotolewa upya Juni 5, 2020, yanaweza kufuatwa hata katika kibanda kisicho na maji ya mfereji.

Kwanza, mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kuishika barakoa. Inapovaliwa, ifunike pua, mdomo na kidevu bila kuacha mwanya pembeni. Baada ya hapo isiguswe. Ikilazimu kuguswa, mikono inawiwe tena kabla ya kurudi kwenye chakula.

Pili, barakoa ibadilishwe mara inapolowa au kuchafuka. Mpishi anayewasha jiko alfajiri na kufunga kazi jioni hawezi kutumia moja tu. Anahitaji kuwa na kadhaa, zile safi zikiwa katika mfuko wake na zile zilizotumika katika mfuko mwingine uliofungwa. Kuitia mfukoni mwa aproni, kisha kuivaa tena, huchanganya upande wa ndani na wa nje.

Tatu, inapovuliwa ishikwe kwa kamba za masikioni au za kisogoni, si kwa mbele. Mikono inawiwe mara tu baada ya kuivua.

Nne, barakoa ya kitambaa ifuliwe angalau mara moja kwa siku kwa sabuni na maji moto ya nyuzi 60 au zaidi. Pasipo maji moto ya kutosha, ifuliwe kwa sabuni na maji ya kawaida, kisha ichemshwe kwa dakika moja. Njia nyingine ni kuiloweka kwa dakika moja katika maji yenye klorini ya asilimia 0.1, kisha kuisuuza vizuri ili mabaki ya dawa yasiiwashe ngozi.

Kipimo hicho cha klorini si kigumu kukipata. Dawa ya kuondoa madoa yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu 34 za maji. Kwa lita moja, hiyo ni kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Mchanganyiko huo haufai kutiwa sabuni nyingine ya kemikali wala siki, kwa sababu unaweza kutoa hewa yenye sumu.

Baada ya kufuliwa, barakoa ikaushwe kabisa, ikiwezekana juani, na kupigwa pasi. Msimu wa mvua, kitambaa kinapokataa kukauka, kishawishi huwa ni kukivaa kikiwa na unyevu au kukianika juu ya jiko penye moshi. Dawa ya tatizo hilo ni kuwa na barakoa za akiba.

Tano, barakoa za karatasi za hospitalini zimetengenezwa zitumike mara moja tu. Hazifuliwi. Wala barakoa ya aina yoyote haiazimwi, hata kati ya ndugu wanaofanya kazi katika kibanda kimoja.

Kunawa mikono ndiko kunakobeba uzito wa mambo yote haya. Pale ambapo hakuna mfereji, kibuyu chirizi kinachoning'inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa mguu hutosha, mradi kuwe na sabuni kando yake na maji yasikauke. Simu nayo isisahaulike. Malipo kwa njia ya simu hupunguza kushika noti, lakini mpishi anayesoma ujumbe wa malipo kila dakika ameshika kifaa ambacho hakioshwi, na anapaswa kunawa kama aliyeshika pesa.

Vumbi la unga na makapi ya miwa

Kuna wafanyakazi wengine wanaohitaji barakoa kwa sababu tofauti kabisa. Hao hawalindi chakula dhidi yao, bali hujilinda wenyewe dhidi ya chakula.

Mhudumu wa mtambo wa kusaga mahindi hushinda ndani ya chumba kilichojaa vumbi jeupe. Vumbi la unga likivutwa kwa miaka mingi linaweza kusababisha pumu, maradhi ambayo yamejulikana kwa muda mrefu miongoni mwa waokaji mikate.

Katika ukanda wa miwa wa magharibi mwa Kenya kuna pia vumbi la makapi, yaani mabaki ya muwa uliokamuliwa. Kwenye mitambo ya sukari guru, makapi hayo hukaushwa na kutumiwa kama kuni za kuchemshia maji ya miwa. Yakirundikwa yakiwa na unyevu, huota ukungu na viini vingine. Anayeyafukua na kuvuta vumbi lake anaweza kupata ugonjwa wa mapafu ambao wataalamu wameupa jina kutokana na makapi hayohayo, yaani bagasosisi. Dalili zake ni kikohozi, homa na kukosa pumzi saa chache baada ya kazi, na kwa urahisi unaweza kudhaniwa kuwa malaria au nimonia.

Kwa kazi kama hizo, barakoa ya kitambaa haitoshi, kwa sababu chembe laini hupenya. Zinahitajika barakoa za kuchuja chembe ndogo, kama zile za kiwango cha N95, zinazokaza vizuri usoni. Pamoja nazo, dirisha lililo wazi na makapi yaliyokaushwa vyema husaidia sana. Mhudumu asiivae barakoa ya kazi ya vumbi anapokwenda kupakua chakula, na anayepika asiazime ile ya mtamboni.

Sheria na wajibu wa kaunti

Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, ambayo ni Sura ya 254 ya Sheria za Kenya, pamoja na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ndizo nguzo za usafi wa chakula nchini. Chini ya mfumo huo, anayeshughulikia chakula cha kuuzwa anatakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila miezi sita.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Maana yake ni kwamba afisa wa afya ya umma anayekagua hoteli ya Matungu yuko chini ya serikali ya Kaunti ya Kakamega, na mkazi mwenye malalamiko hana haja ya kuyapeleka Nairobi.

Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wale wanaomfanyia kazi. Mwenye hoteli anayemwagiza mhudumu avae barakoa, bila kumpa barakoa za kubadilisha, maji wala sabuni, ametoa agizo tu. Hajatoa kinga.

Cheti nacho kina mipaka. Hueleza hali ya mtu siku aliyopimwa, si asubuhi aliyoamka na kikohozi. Kanuni za usafi wa chakula za tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na FAO na WHO mnamo 1963, husema kwamba mtu anayehara, kutapika, mwenye homa pamoja na maumivu ya koo, anayetokwa na majimaji puani, masikioni au machoni, au mwenye kidonda kilichooza, asikaribie chakula hadi apone.

Kibarua cha siku ndicho kikwazo

Hapo ndipo penye ugumu. Mhudumu wa kibanda anayelipwa kwa siku anajua kwamba akibaki nyumbani kwa sababu ya mafua, jioni hatakuwa na pesa za unga. Kwa hivyo atakwenda kazini, atavaa barakoa kuficha kamasi, na atapakua chakula. Barakoa ikitumiwa hivyo huwa pazia tu.

Kisa kinachojulikana sana katika historia ya afya ya umma kinahusu jambo hilohilo. Mary Mallon, mpishi mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi New York, alitambuliwa mnamo 1907 kuwa anabeba viini vya homa ya matumbo ingawa mwenyewe hakuonekana mgonjwa. Aliwekwa karantini, kisha akaachiliwa mnamo 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Alijaribu kazi ya kufua nguo, ambayo malipo yake yalikuwa duni, na hatimaye akarudi jikoni. Mnamo 1915 ugonjwa ulizuka katika hospitali alimokuwa akipika, akakamatwa na kurudishwa karantini, ambako aliishi hadi alipofariki mnamo 1938.

Mamlaka ilimkataza kazi aliyoijua, lakini haikumpa njia nyingine ya kupata riziki inayolingana nayo. Funzo kwa mwenye hoteli ni kwamba kumlipa mhudumu mgonjwa siku moja au mbili, au kumpa kazi ya kuchota maji na kupasua kuni mbali na chakula, ni gharama ndogo kuliko kupoteza wateja waliougua baada ya kula kwake. Vikundi vya akina mama na vyama vya akiba sokoni vinaweza kufanya vivyo hivyo kwa wanachama wao wanaojiajiri, kwa kushikiana zamu mmoja wao anapougua.

Kwenye matanga na harusi, ambako wapishi ni majirani wasio na mwajiri wala cheti, jukumu ni la wenye shughuli. Wanaopakua chakula watengwe na wanaokata nyama mbichi, pawe na maji na sabuni karibu na masufuria, na mwenye mafua au kidonda mkononi apewe kazi nyingine bila kuaibishwa. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwa motoni au kwenye baridi, kama yanavyosema maagizo matano ya WHO kuhusu chakula salama yaliyozinduliwa mnamo 2001.

Mteja naye ana nafasi yake. Kabla ya kuagiza, anaweza kutazama mahali pa kunawia mikono kama pana maji na sabuni, kama anayepokea pesa ndiye anayeshika chakula, na kama barakoa ya mpishi iko usoni au kidevuni. Ana haki ya kuuliza cheti cha afya. Akiona mambo hayaridhishi, anaweza kumweleza mwenye hoteli kwa heshima, na pasipo mabadiliko akamwarifu afisa wa afya ya umma wa eneo hilo.